Rivyua anataka kodi ya kompyuta ya modeli yangu ya kitengo cha dharura iwe wazi, niweke nini na niache nini?

foleni_wodini:

Habari zenu wadau, naombeni mawazo maana hapa nimekwama. Nafanya utafiti wa PhD, nimetengeneza modeli ya simulesheni ya kitengo cha dharura, yaani mgonjwa anafika, anapangwa kulingana na uharaka wake, anaonana na daktari, anapimwa, halafu ama anaruhusiwa ama anabaki palepale akisubiri kitanda wodini. Nimeiandika kwa lugha ya programu ya Python nikatumia SimPy, maktaba yake ya simulesheni. Ninachotafuta ni hiki, kama uwezo uliopo ni wa kuongeza kitu kimoja tu, je uongeze vitanda vya wodi au uongeze daktari wa zamu ya usiku, kipi kitapunguza zaidi muda wa kusubiri.

Sasa makala imerudi toka kwenye jarida, rivyua mmoja, yaani mhakiki wa makala, kaandika kwamba hawezi kuyakubali matokeo ambayo hana namna ya kuyatoa mwenyewe, kwa hiyo anataka kodi iwekwe wazi. Mimi binafsi sikatai, naona ana haki kabisa, ila supavaiza wangu ana wasiwasi na data za hospitali kwa sababu kibali cha maadili hakituruhusu kutoa rekodi za wagonjwa kwa mtu yeyote. Halafu kodi yenyewe imekaa kikazi, ina mafaili ya majaribio kila kona na majina ambayo nayaelewa mimi tu. Na kingine, modeli hiihii ndiyo nitaitumia kwenye sura inayofuata ya tasnifu, je mtu akiichukua akachapisha kabla yangu?

Nimepitia makala za wengine nikaona wengi wanamaliza na sentensi moja tu, "kodi inapatikana kwa kumwomba mwandishi". Naweza na mimi kuandika hivyo yakaisha?

senario_tano:

Mkuu usiandike hiyo sentensi, nakusihi. Mwandishi anahama chuo, barua pepe yake inafungwa, laptop inakufa, na yule anayeihitaji kodi miaka minne baadaye anabaki anaandikia hewa. Rivyua wako ameomba kitu cha msingi kabisa.

Kuhusu wengi kufanya hivyo ni kweli, tena kuna watu wamehesabu. Monks na Harper walipitia makala 564 za simulesheni za afya za aina hiyo unayofanya wewe, zilizotoka kuanzia 2019 hadi 2022, wakakuta ni 47 tu ndizo zilizoonyesha modeli yenyewe ilipo, yaani asilimia 8.3. Fikiria hapo ni kipindi cha korona ambapo kila mtu alikuwa anatoa modeli na viongozi wanazitazama ili waamue vitanda viwe vingapi.

Ila mimi kinachoniumiza zaidi ni hawa waliojitahidi kuweka. Kundi hilohilo likiongozwa na Heather wa Chuo Kikuu cha Exeter likachukua modeli 8 za afya zilizokuwa tayari wazi, za Python na R (lugha nyingine ya programu), likajaribu kutoa upya matokeo yaliyoandikwa kwenye makala zake. Kodi ipo, makala ipo, wataalamu wa simulesheni wapo, na bado kuna modeli iliyowala mpaka saa 28 za kuhangaika. Nusu zilitoka zote kamili, nusu nyingine zikatoka kipande, na iliyofanya vibaya kuliko zote ilitoa asilimia 12.5 tu ya matokeo yake. Ukisoma sababu unasikitika kwa sababu ni vitu vidogo, leseni haipo kwa hiyo kisheria huna ruhusa hata ya kuitumia, parameta iliyoandikwa kwenye makala ni tofauti na iliyopo kwenye kodi, halafu kubwa kuliko yote, kodi ya modeli ipo lakini kodi ya kuendesha zile senario na ya kuchora zile grafu haipo. Mtu kaweka moyo wa modeli akaacha mikono na miguu.

Kwa hiyo kwako wewe, senario ya vitanda na senario ya daktari wa usiku, kila moja iwe na skripti yake inayojiendesha kuanzia mwanzo mpaka inatoa ile jedwali na ile grafu iliyopo kwenye makala, namba kwa namba. Usimwambie msomaji "badilisha vitanda viwe 30 halafu endesha tena". Umbadilishie wewe. Hilo ukilifanya, hata kama kodi haijapendeza, umeshawazidi wengi sana.

mikondo_ya_nasibu:

Naongezea upande wa namba za nasibu, zile ambazo modeli inachota kuamua mgonjwa afike lini na achukue muda gani, kwa sababu hapo ndipo watu wanapotoa kodi nzima na bado matokeo hayalingani wakaanza kulaumiana.

Kwanza sidi, ile namba ya kuanzia, iwe imeandikwa ndani ya kodi na kila rudio, yaani kila mara modeli inapoendeshwa upya, liwe na ya kwake. Lakini sidi peke yake haitoshi kama hujaandika na toleo la programu. Mfano mzuri ni R, mwaka 2019 ilipotoka R 3.6.0 walibadilisha namna `sample()` inavyochagua kwa sababu ile ya zamani ilikuwa na upendeleo kidogo kwenye namba kubwa, basi kodi ileile, `set.seed` ileile, kabla na baada inakupa wagonjwa tofauti. Inabidi uiambie kwa makusudi irudi kwenye njia ya zamani. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, nayo ni hivyohivyo, ile `RandomState` ya kale wameigandisha isibadilike, ila jenereta mpya iliyoingia na toleo la 1.17 hawakuahidi kwamba mfuatano utabaki uleule toleo hadi toleo. Kwa hiyo faili la mazingira liwe na matoleo kamili, siyo "numpy" tu halafu basi.

Pili, na hili kwa swali lako ni muhimu kuliko unavyofikiri. Kama modeli nzima inachota namba kwenye mkondo mmoja, ukiongeza daktari mmoja tu mpangilio wa nani anahudumiwa lini unabadilika, kwa hiyo namba zinachotwa kwa mpangilio mwingine, kwa hiyo yule mgonjwa aliyefika saa nane usiku kwenye senario ya kwanza kwenye senario ya pili hayupo kabisa, wamefika watu wengine na magonjwa mengine. Unakuwa unalinganisha daktari na vitanda huku umebadilisha na wagonjwa. Tenganisha mikondo, wa kufika peke yake, wa muda wa daktari peke yake, wa vipimo peke yake, na NumPy ina `SeedSequence` inayokuzalishia hiyo mikondo kutoka sidi moja. Hapo senario zote mbili zinapokea wagonjwa walewale kwa dakika zilezile, na tofauti utakayoiona imetoka kwenye ulichobadilisha. Na kama unaendesha marudio kwa pamoja kwenye kompyuta yenye kori (vichakataji) nyingi, sidi ifungwe kwenye namba ya rudio, isitegemee kori ipi imewahi.

Tatu ni parameta. Ukiandika kwenye makala "muda kati ya mgonjwa na mgonjwa ni eksponensia, 5" (eksponensia ni aina ya mtawanyo) huyo anayesoma hajui 5 ni nini. Kwenye NumPy `exponential(5)` inamaanisha wastani wa dakika 5. Kwenye R `rexp` inataka kiwango, na `expovariate` ya Python yenyewe inataka kiwango pia, ukimpa 5 anakuletea mgonjwa kila sekunde 12. Lognomali, mtawanyo mwingine, ndiyo balaa zaidi, kwa sababu NumPy inataka wastani wa logi ya muda na siyo wastani wa muda wenyewe, na mtu akiwa na wastani wa dakika 40 inabidi ageuze kwanza kwa hesabu. Andika wastani, andika mchepuko, andika vipimo vyake ni dakika au saa, na weka ile fomula uliyogeuzia. Jedwali la parameta kwenye makala lizalishwe na faili lilelile ambalo modeli inalisoma, hapo haliwezi kupishana na kodi.

msitiri_wa_rekodi:

Dada/kaka, kwa upande wa data wasiwasi wa supavaiza wako ni wa haki lakini hauzuii kitu. Jiulize modeli yako inahitaji nini ili iendeshwe. Haihitaji rekodi za wagonjwa. Inahitaji kiwango cha kufika kwa kila saa, mitawanyo ya muda, na uwezekano wa kulazwa kwa kila ngazi ya uharaka. Rekodi ulizitumia mapema kukadiria hizo namba, hiyo ni kazi ya hatua nyingine, itenge kabisa kwenye folda ambayo haitoki. Toa parameta, toa na skripti iliyozikadiria hata kama data yake haipo, ili mtu aone ulifanyaje, na ukipenda weka data ya kutunga yenye safu zilezile ili ile skripti isibaki maandishi tu.

Ila kuwa makini na hizi sehemu ambazo watu hawaziangalii. Kama badala ya mtawanyo wa kihesabu umetumia orodha ya muda halisi uliorekodiwa, ile orodha ni data ya wagonjwa, hata kama haina majina. Kundi lenye watu wachache, tuseme wenye ugonjwa adimu walioingia mwezi fulani, ukitoa namba zake unaweza ukawa umemtaja mtu bila kumtaja. Notibuku za Jupyter, mafaili ya kuandikia na kuendeshea kodi, zinahifadhi na majibu, kwa hiyo kama uliwahi kuchungulia mistari michache ya kwanza ya faili la hospitali, ile mistari imo ndani ya notibuku mpaka leo. Na git, programu ya kutunza matoleo ya kodi, haisahau, ukifuta faili leo bado lipo kwenye historia na yeyote anayeshusha ripo (hifadhi ya kodi) analipata. Njia salama ni kuanza ripo mpya tupu, unahamishia kilichosafi tu, historia ya zamani ibaki kwako.

Na ombi kwa kamati ya maadili peleka sasa hivi, waeleze kwa lugha nyepesi kwamba kinachotoka ni wastani na uwezekano, siyo watu. Ukienda kwao na orodha kamili ya mafaili wanakuelewa haraka zaidi kuliko ukienda na neno "kodi".

mpanga_uwezo:

Naomba niseme tofauti kidogo na msinielewe vibaya, nakubali uwazi. Mimi natengeneza modeli kwa ajili ya watu wanaofanya maamuzi, tena kwa programu ya kulipia ambayo unachora kwa kuburuta visanduku. Wasiwasi wangu ni miwili. Faili langu hata nikilitoa mwenye kulifungua ni aliyenunua leseni, sasa uwazi huo ni wa nani? Na la pili, modeli ni ya sehemu fulani na wakati fulani, mtu mwingine ataichukua, atabadilisha namba tatu, ataipeleka kwa uongozi wake, vitanda vitafungwa kwa sababu ya modeli ambayo haikutengenezwa kwa ajili yao. Mlisahau modeli ya korona ya Imperial College ya London ilivyoshambuliwa 2020 kodi ilipotoka? Kuna watu walidai kila kitu kitupwe.

senario_tano:

Mkuu @mpanga_uwezo hoja zako nazipa uzito ila mfano wa Imperial mimi nausoma kinyume chako. Ripoti yao ya 9 ilitoka tarehe 16 Machi 2020, ikatikisa sera Uingereza na kwingine, na wakati huo hakuna mtu nje aliyekuwa ameiona kodi. Neil Ferguson mwenyewe, aliyeongoza kazi hiyo, alieleza hadharani kwamba ni maelfu ya mistari ya C isiyo na maelezo, iliyoandikwa zaidi ya miaka 13 nyuma. Ilikuja kuwekwa GitHub, tovuti ya kuwekea kodi, mwezi wa nne baada ya kusafishwa kwa msaada wa watu wa Microsoft. Hapo katikati, wiki hizo zote, nafasi ikajaa dhana. Kelele za kwamba ukiiendesha mara mbili inakupa majibu tofauti zilikuja, ndiyo, lakini baadaye mwaka huohuo Stephen Eglen wa Cambridge akaiendesha kupitia CODECHECK, mpango wa kuhakiki kodi za utafiti kwa kuziendesha upya, na akathibitisha kwamba matokeo ya ripoti yanatoka. Ubishi wa namna hiyo usingefungwa kwa njia nyingine yoyote. Bila kodi tungekuwa bado tunabishana nani anamwamini nani.

Kuhusu kutumiwa vibaya, mtu anayetaka kutumia vibaya atasoma makala yako akanakili namba bila hata modeli. Kinachomsaidia aliye mwaminifu ni wewe kuandika mipaka waziwazi, modeli hii haijaweka wagonjwa wanaohamishwa kutoka hospitali nyingine, haijaweka wauguzi kuugua, imethibitishwa kwa data ya kipindi fulani, parameta hizi na hizi lazima zikadiriwe upya. Tazama wenzetu wa Thanzi la Onse, modeli ya mfumo mzima wa afya wa Malawi, magonjwa mengi kwa pamoja na wahudumu na dawa zilizopo, kodi yao iko wazi kwa Python na unaweza kufuata kila dhana imekaa wapi. Kitu kikubwa kiasi kile kimewezekana.

Na kwa programu ya kulipia, jaza STRESS. Ni mwongozo wa mwaka 2019 wa kuripoti simulesheni, una matoleo matatu, la foleni na matukio, la mawakala, na la mienendo ya mifumo. Unajibu vipengele vyake kimoja kimoja, mantiki, mitawanyo, sheria za kipaumbele, muda wa mwanzo ambao matokeo hayahesabiwi, idadi ya marudio. Mtu akiwa na hayo anaweza kuijenga upya kwa programu ya bure. Halafu faili lenyewe liweke pia, aliye na leseni atafungua.

mpanga_uwezo:

Sawa, hilo la mipaka nalikubali, na ningependa liwe kwenye ukurasa wa kwanza wa ripo, siyo kwenye kiambatisho ambacho hakuna anayefika. Kiongozi hasomi kiambatisho.

foleni_wodini:

Asanteni sana, kweli mmenifungua. Ile ya mikondo nimeenda kuangalia, kodi yangu inatumia jenereta moja kwa kila kitu, nitaitenganisha na kuendesha upya kabla sijarudisha makala. Nimebakiwa na haya: nichague leseni gani, GitHub peke yake inatosha, na je nisafishe kodi kwanza kabla ya kuiweka?

hifadhi_na_doi:

Nijibu hilo la kuhifadhi. GitHub ni mahali pa kufanyia kazi, siyo kumbukumbu, mwenye ripo anaweza kuifuta au kuibadilisha kesho. Unganisha na Zenodo, hifadhi ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, toka 2013 na ni bure, ukitoa toleo inalikamata kama lilivyo na kulipa DOI, yaani anwani ya kudumu. Hiyo DOI ndiyo unaiweka kwenye makala. Weka na faili la `CITATION.cff` ili anayeitumia ajue akutaje vipi, na hilo ndilo jibu la woga wako wa kunyang'anywa, kazi yako ina tarehe na jina lako kabla ya mtu mwingine yeyote. Toa toleo la makala hii tu. Nyongeza za sura inayofuata zibaki kwenye ripo ya faragha mpaka nayo ichapishwe, hakuna anayekudai kodi ya makala ambayo hujaiandika.

Leseni, MIT ni fupi na inaruhusu karibu kila kitu ilimradi jina lako libaki, GPL inamlazimisha anayesambaza toleo alilobadilisha naye aliachie kwa masharti yaleyale. Zote ni sawa, mbaya ni kutokuwa nayo. Uliza kwanza chuo chako, sehemu nyingine kodi ya mtafiti ni mali ya chuo na inahitajika saini yao.

Kusafisha mimi nasema kidogo sana. Ukianza kuandika upya kodi wakati makala iko kwa rivyua unahatarisha kubadilisha matokeo bila kujua. Toa majaribio yasiyotumika, badilisha majina yale yasiyoeleweka kabisa, njia za mafaili zisiwe za kompyuta yako, na kila ukigusa kitu endesha uone namba zimebaki zilezile. Halafu mpe mwenzako ambaye hajawahi kuiona, kwenye mashine ambayo haina chochote, umkataze kukuuliza maswali. Pale atakapokwama ndipo README yako, faili la maelekezo, ina pengo, nenda kaandike.

foleni_wodini:

Nimekuelewa mkuu. Swali la mwisho, marudio yote ya senario zote yanachukua usiku mzima kwenye mashine ya maabara, sasa rivyua naye atakaa usiku mzima?

mikondo_ya_nasibu:

Hapana, mwekee vyote viwili. Weka matokeo ghafi ya marudio yote kama CSV (faili la jedwali la maandishi) ili kodi ya grafu ijiendeshe yenyewe ndani ya dakika chache bila kugusa modeli. Weka na toleo dogo, marudio machache ya senario moja, pamoja na majibu yanayotegemewa, ili aendeshe alinganishe, zikilingana anajua mazingira yake yako sawa na anaweza kuamua kama anataka kuendesha zote. Na kwenye README andika imechukua muda gani, mashine ina kori ngapi na memori kiasi gani, maana mtu asipojua atadhani imeganda na ataizima saa ya pili.